UZI: Kunakili kache kati ya seva za klasta – nini kinakiliwe, nini kifutwe, na wapi panavuja

#1 – mtunza_klasta

Wakuu, naanza na ugonjwa wenyewe. Programu ilikuwa kwenye seva moja, kache, yaani nakala ya data inayosomwa mara kwa mara, ikakaa ndani ya kumbukumbu ya programu, kila kitu kikaenda vizuri. Zikaongezwa seva mbili, ikawa klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi moja, nyuma ya kisawazisha mzigo kinachozigawia maombi. Sasa mtumiaji anabadilisha namba yake ya simu, anaona mpya, anaburudisha ukurasa, anaona ya zamani, anaburudisha tena, mpya imerudi. Hakuna kilichoharibika kwenye hifadhidata. Kila seva ina nakala yake na hakuna anayeziambia nyingine kwamba mambo yamebadilika.

Dawa ziko za aina tatu, na watu wengi huchukua ile nzito kuliko zote bila kupiga hesabu.

Ya kwanza ni kunakili kila kitu: ukiandika ingizo (ufunguo na thamani yake) kwenye seva moja, thamani nzima inapelekwa kwa seva zote. Ya pili ni kugawa: kila ingizo linakaa kwa seva chache tu, kwa kawaida mbili, na wengine wanaliomba kupitia mtandao. Infinispan, maktaba ya kache ya klasta, huweka wamiliki 2 (seva zinazoshika ingizo) usipobadilisha, na Hazelcast, ya aina hiyo hiyo, huweka nakala moja ya ziada, ambayo ni yale yale. Ya tatu ni ubatilishaji: kila seva inabaki na kache yake ya ndani, na data ikibadilika unatuma ufunguo tu, wenzako wanafuta nakala zao. Atakayeihitaji data ataisoma upya.

Tupige hesabu. Una seva 6, maingizo 200,000, kila moja kilobaiti 2. Hiyo ni MB 400. Ukinakili kila kitu, kila seva inabeba MB 400, jumla GB 2.4. Ukiongeza seva mbili jumla inakuwa GB 3.2, na uwezo wa kache haujaongezeka hata ingizo moja. Ukigawa kwa wamiliki wawili, jumla ni MB 800, yaani kama MB 133 kwa kila seva, lakini usomaji mmoja tu kati ya mitatu ndio unaokuta data hapo hapo. Ile miwili mingine inasafiri kwenye mtandao.

Upande wa uandishi: mabadiliko 500 kwa sekunde, kila moja kilobaiti 2, kwenda kwa wenzako 5 kwa TCP, ni MB 5 kwa sekunde kabla ya vichwa vya ujumbe. Ukituma ufunguo peke yake, tuseme baiti 100 kwa ujumbe, ni KB 250.

Msimamo wangu: anza na ubatilishaji. Kunakili kikamilifu kuwe kwa data ndogo, inayosomwa kila ombi na kuandikwa kwa nadra: mipangilio, ruhusa, orodha za uteuzi. Kugawa kuwe kwa data kubwa ambayo haitoshei kwenye seva moja.

---

#2 – bandari_nane

Mkuu hapo kwenye kufuta ndipo sijashawishika. Thamani mpya tayari ninayo mkononi. Kwa nini nisiwatumie wenzangu, nikawaacha wote sita waende kuisumbua hifadhidata kuitafuta?

---

#3 – mtunza_klasta

Swali zuri, na jibu lake si ukubwa wa ujumbe. Ni mpangilio wa kufika.

Seva A inaweka bei 100, halafu seva B inaweka bei 120. Hifadhidata inaishia na 120. Ujumbe wa A na wa B unasafiri kwa njia mbili tofauti. Seva C inapokea A kisha B, inaishia na 120. Seva D inapokea B kisha A, inaishia na 100, na itabaki nayo mpaka mtu aandike tena au muda wa ingizo uishe. Ujumbe wa kufuta hauna tatizo hilo: futa-kisha-futa ni sawa tu hata ukigeuza mpangilio. Ndiyo maana mfumo wa kunakili thamani unalazimika kuwa na kufuli, au mmiliki mkuu wa kila ufunguo anayepanga foleni ya uandishi, na hapo kila uandishi unalipa safari ya mtandao.

Kuhusu kuisumbua hifadhidata: mzigo unadhibitika ikiwa ndani ya seva moja ufunguo mmoja unapakiwa na ombi moja tu, mengine yanasubiri. Caffeine, maktaba ya Java ya kache ya ndani, inafanya hivyo ukitumia `get(key, loader)`. Ukiandika mwenyewe "angalia kama ipo, kama haipo soma, kisha weka", maombi 300 yaliyofika kwa pamoja yatasoma mara 300. Kwa njia sahihi, ufunguo mmoja kwenye seva 6 husomwa mara 6 zikizidi sana.

---

#4 – nodi_ya_pembeni

Naongezea mtego mmoja kwa watumiaji wa Infinispan, maana huu unafanya watu waseme ubatilishaji "haufanyi kazi". Kwenye hali ya ubatilishaji, `put` ya kawaida maana yake ni "nimebadilisha, wengine futeni". Sasa seva ikisoma kutoka hifadhidata na kujaza kache kwa `put`, inafuta nakala za wenzake watano ambazo zilikuwa sahihi kabisa. Nao wakisoma wanaijaza kwa `put`, wanamfutia yeye. Kache inabaki tupu muda wote na mtandao umejaa.

Kujaza baada ya kusoma kunatumia `putForExternalRead`. Hiyo inaweka tu kama ufunguo haupo, haisubiri kufuli, na haitumi ubatilishaji kwa mtu. `put` au `remove` iachiwe ile sehemu ya programu inayobadilisha data.

---

#5 – fundi_miamala

Wakuu, kabla hatujafika kwenye mtandao, kosa lililo kubwa kuliko yote liko ndani ya programu: kufuta kache kabla ya komiti, yaani kabla muamala haujathibitisha mabadiliko kwenye hifadhidata.

Fuatilia. Muamala umefungua, umefanya UPDATE, umetuma "futa ufunguo 4471", bado haujakomiti. Seva ya pili inafuta. Milisekunde tatu baadaye ombi linaingia kwake, kache tupu, linasoma hifadhidata, linaona mstari wa zamani kwa sababu muamala haujakomiti, linaujaza kwenye kache. Sasa unakomiti. Hakuna ujumbe mwingine utakaotumwa. Data ya zamani imekaa kwenye seva ya pili, na imekuja BAADA ya kufutwa, kwa hiyo ukiangalia logi utaona ubatilishaji ulifika vizuri na utahangaika kuutafuta mchawi kwenye mtandao.

Tuma baada ya komiti. Kwenye Spring, mfumo wa kuandikia programu za Java, ni `@TransactionalEventListener(phase = AFTER_COMMIT)`. Angalia pia anotesheni ya `@CacheEvict` iko nje au ndani ya muamala. Ikikaa kwenye mbinu inayoitwa ndani ya muamala mkubwa zaidi, itafuta mbinu hiyo ikimalizika, wakati muamala mkubwa bado uko wazi.

Halafu kuna pengo linalobaki: umekomiti, seva ikafa kabla ya kutuma. Hapo weka ujumbe wa kufuta kwenye jedwali la pembeni ndani ya muamala ule ule, na mchakato mwingine uusome na kuutuma. Au soma logi ya hifadhidata yenyewe kwa chombo kama Debezium. Hii ya pili ina faida kwamba hata mtu akibadilisha data kwa SQL ya mkono, bila kupitia programu, kache inapata habari.

---

#6 – bandari_nane

Nimekubali. Ila kama unafuta baada ya komiti, bado naona mwanya. Msomaji anaweza kuwa alishasoma thamani ya zamani kabla ya komiti, akachelewa kidogo, akaja kuiweka baada ya ufutaji.

---

#7 – fundi_miamala

Umeuona, na ndio ugumu halisi wa mada hii. Kwa karibu unakuwa hivi, ufunguo 4471, toleo la 8 likigeuka kuwa la 9:

```
0 ms    Seva B: kache tupu, inasoma hifadhidata, inapata toleo 8
2 ms    Seva B: uzi wa programu unasimama (mkusanya taka wa JVM, yaani kisafisha kumbukumbu cha mashine ya Java, umeanza)
5 ms    Seva A: UPDATE, komiti, sasa ni toleo 9
6 ms    Seva A: inatuma "futa 4471"
40 ms   Seva B: inaamka, inapokea ujumbe, inafuta (hakuna cha kufuta)
41 ms   Seva B: inaweka toleo 8 kwenye kache
```

Kuanzia milisekunde ya 41, seva B inatoa toleo 8 mpaka TTL, yaani muda wa uhai wa ingizo, uishe. Kama hujaweka TTL, ni mpaka seva iwashwe upya.

Dawa ninayoiamini ni toleo pamoja na jiwe la kaburi. Ujumbe wa kufuta ubebe ufunguo na namba ya toleo: "4471, toleo 9". Anayeupokea asifute tu na kuondoka. Aweke alama mahali pa ingizo kwamba chochote chini ya toleo 9 hakiruhusiwi kuingia. Seva B ikija na toleo 8, inagonga jiwe na kurudi. Kuangalia na kuweka kuwe tendo moja lisilogawanyika, mfano `asMap().compute(...)`. Ukifanya hatua mbili umerudisha mwanya ule ule kwa udogo.

Jiwe likae muda mrefu kuliko usomaji mrefu kuliko wote unaowezekana. Kama swali la hifadhidata lina kikomo cha sekunde 5, jiwe la sekunde 30 linatosha, na linakupa nafasi hata JVM ikisimama vibaya.

Namba ya toleo itoke kwenye mstari wenyewe: safu ya `version`, iongezwe ndani ya UPDATE ile ile, `version = version + 1`. Kufuli la mstari linahakikisha hakuna wawili watakaopata namba moja. Usitumie saa ya seva kama toleo. Saa za seva mbili zikitofautiana milisekunde 50, uandishi wa mwisho unaweza kuonekana wa kwanza.

Mnaotumia Memcached, seva ya kache ya pamoja, mna amri za `gets` na `cas`, zinazozuia kuandika juu ya kitu kilichobadilika tangu ulipokisoma. Kwa ufunguo ambao haupo kabisa, wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2013 mbinu ya hati ya muda: anayekosa data anapewa tokeni ya kujaza, na ufunguo ukifutwa katikati tokeni inakufa. Tokeni hiyo walikuwa wanaitoa mara moja tu kila sekunde 10 kwa ufunguo mmoja, kwa hiyo inazuia pia msongamano wa wasomaji kwenye hifadhidata.

---

#8 – mlinzi_wa_logi

Kuna ndugu wa tatizo hilo ambaye husahaulika: hifadhidata ya kusomea. Kama programu inaandika kwenye hifadhidata kuu na kusoma kutoka nakala yake, na nakala iko nyuma sekunde moja, ujumbe wako wa kufuta unafika kabla data haijafika kwenye nakala. Seva inafuta, inasoma kwenye nakala, inajaza ya zamani. Toleo la #7 linakuokoa hapa pia: ukiona jiwe linasema 9 na nakala imekupa 8, soma kutoka kuu, au rudisha data bila kuihifadhi.

---

#9 – waya_na_poti

Sasa njia ya kupitishia ujumbe. Nitasema mawili ambayo yamezoeleka.

JGroups, maktaba inayobeba ujumbe wa Infinispan, kwa UDP hutegemea maltikasti (pakiti moja kwenda kwa wengi), na mitandao mingi ya wingu haipitishi maltikasti. Dalili: kila seva inaanza vizuri, inaandika kwenye logi kwamba klasta ina mjumbe mmoja, yeye mwenyewe. Hakuna kosa lolote. Ndiyo sababu jambo la kwanza la kuangalia ni idadi ya wajumbe kwenye logi. Tumia TCP, poti ya kawaida 7800, na ugunduzi wa `JDBC_PING`, unaoandika anwani kwenye jedwali la hifadhidata, au `DNS_PING` kwenye Kubernetes. Kumbuka `FD_SOCK`, inayochunguza kama wajumbe wako hai, inafungua poti yake nyingine. Ukifungua 7800 tu kwenye ukuta wa moto, wajumbe wanaungana kisha wanaanza kushukiana.

Mkibaki na UDP, someni onyo linalosema soketi iliombwa MB 25 na mfumo ukatoa KB 212.99. Si mapambo. Bafa hiyo ikijaa pakiti zinadondoka na kutumwa upya. Weka `net.core.rmem_max=26214400`.

Ya pili ni Redis, hifadhi ya data ya kwenye kumbukumbu, kama mbebaji wa matangazo. Pub/sub yake (kutangaza na kusikiliza) hupeleka ujumbe mara moja, au haiupeleki kabisa. Haihifadhi. Na kwa mipangilio ya kawaida, msikilizaji akichelewa bafa yake ikafika MB 32, au ikakaa juu ya MB 8 kwa sekunde 60, Redis inamkatia muunganisho. Maktaba yako itaunganisha tena kimya kimya, na zile jumbe za katikati zimepotea. Kwa hiyo kanuni ni moja tu: muunganisho ukikatika na kurudi, futa kache YOTE ya ndani. Hata ukitumia `CLIENT TRACKING` iliyokuja na Redis 6, ambayo inakumbuka nani amesoma ufunguo gani, kanuni haibadiliki.

---

#10 – bandari_nane

Kufuta yote si kutaangusha hifadhidata?

---

#11 – waya_na_poti

Seva moja ikifuta, hapana, kama upakiaji ni wa ombi moja kwa ufunguo kama ilivyosemwa #3. Zote sita zikifuta kwa pamoja, mfano Redis yenyewe imewashwa upya, ndiyo, inaweza. Weka kuchelewa kwa nasibu kati ya sekunde 0 na 20 kabla ya kila seva kufuta, na upunguze idadi ya miunganisho ya hifadhidata kwa kila seva ili foleni ikae kwenye programu. TTL nayo isiwe namba moja kwa wote: sekunde 300 ukiongeza nasibu 0 hadi 60. La sivyo kila kilichoingia kwa pamoja kitatoka kwa pamoja.

---

#12 – mlinzi_wa_logi

Klasta kupasuka. Mapigo, yaani jumbe za kuonyesha kwamba seva iko hai, yanasubiriwa sekunde 10, JVM ya seva moja imesimama sekunde 12 kukusanya taka. Wenzake wanamtoa. Anapoamka hajui kama alitolewa, anaendelea kuhudumia watu kwa kache yake. Baadaye `MERGE3` ya JGroups inawaunganisha tena na maisha yanaendelea, ila jumbe zote za kufuta zilizopita wakati yuko nje hakuzipata.

Kwenye hali za kunakili na kugawa, Infinispan ina `when-split`, yaani nini kifanyike klasta ikipasuka, na usipoigusa ni `ALLOW_READ_WRITES`: pande zote mbili zinaendelea kuandika. Ukiunganisha, chagua `merge-policy` ya `REMOVE_ALL` kwa kache ya kawaida, maana asili ya data iko hifadhidatani. Kwenye ubatilishaji mipangilio hiyo haipo. Andika msikilizaji wa tukio la `@Merged` na uite `clear()`. Ni mistari michache na ndiyo inayosahaulika zaidi.

---

#13 – nodi_ya_pembeni

Kwa wanaonakili thamani nzima, mawili ya haraka. Obijekti ikitoka kwenye kache ya ndani ukaibadilisha moja kwa moja bila `put`, umebadilisha nakala ya seva hiyo tu, na hakuna aliyeambiwa. Weka obijekti zisizobadilika. Na wakati wa kupandisha toleo jipya seva moja moja, klasi iliyoongezwa sehemu mpya bila `serialVersionUID` (namba ya toleo la klasi) iliyowekwa wazi itatoa `InvalidClassException` kwenye seva zenye toleo la zamani. Rahisi ni kuweka namba ya umbo la data kwenye jina la kache: `wateja-v3` na `wateja-v4` ziishi pamoja mpaka upandishaji uishe.

Wa Hibernate, maktaba ya Java ya kuunganisha obijekti na majedwali: kache za vyombo (obijekti za mistari ya hifadhidata) ziwe za ubatilishaji, kache ya matokeo ya maswali ibaki ya ndani, lakini ile ya alama za muda za majedwali LAZIMA inakiliwe kwa seva zote. Hiyo ndiyo inayoiambia seva kwamba jedwali limeguswa na matokeo iliyo nayo hayafai tena. Mkiiweka ya ndani, orodha zitabaki za zamani hata kama kila chombo ni kipya.

---

#14 – msomaji_kimya

Na seansi za watumiaji, yaani kumbukumbu ya mtu aliyeingia kwenye programu, je? Ziende njia hiyo hiyo?

---

#15 – mtunza_klasta

Hapana. Seansi haina asili kwenye hifadhidata, ukiifuta umeipoteza, kwa hiyo lazima thamani yenyewe isafiri. `DeltaManager` ya Tomcat, seva ya programu za wavuti za Java, hunakili kwa seva zote, na nyaraka zake zenyewe hazishauri kuitumia ukizidi seva 4 hivi. Zaidi ya hapo kuna `BackupManager`, yenye nakala moja tu ya akiba. Na ukibadilisha kitu ndani ya seansi, ita `setAttribute` tena, vinginevyo hainakiliwi.

---

#16 – waya_na_poti

Namna ya kupima kabla ya kuipeleka kwa watumiaji. Simamisha seva moja kwa `kill -STOP PID` (PID ni namba ya mchakato), badilisha data kupitia nyingine, subiri sekunde 30, halafu `kill -CONT PID` na uiulize ile data papo hapo. Hii ndiyo picha halisi ya JVM iliyoganda.

Kukata mtandao kwa `iptables`, ukuta wa moto wa Linux, zuia pande zote mbili. Kanuni ya `--dport 7800` peke yake inaacha miunganisho ambayo seva hiyo iliifungua yenyewe kwenda kwa wenzake, kwa sababu pakiti zake za kurudi zina 7800 kama poti ya kutokea. Ongeza `--sport 7800`, na poti ya `FD_SOCK`. Wengi hupima kwa nusu ya ukataji na kutangaza kwamba klasta ni imara.

Ili kuuona mwanya wa #7, ongeza ucheleweshaji kati ya kusoma hifadhidata na kuweka kwenye kache, sekunde 2 ndani ya msimbo wa majaribio, kisha andika ufunguo ule ule kutoka seva nyingine. Bila jiwe la kaburi utaukamata kwa jaribio la kwanza.

---

#17 – bandari_nane

Na kwenye uzalishaji nitajuaje kwamba imevuja, bila kusubiri mtumiaji alalamike?

---

#18 – waya_na_poti

Kila seva iwe na njia ya ndani inayorudisha toleo la ufunguo ulioombwa lililo kwenye kache yake, bila kulijaza kama halipo. Kisha hati ndogo ichague funguo 50 kwa nasibu kila sekunde 10, iulize hifadhidata, iulize kila seva kwa anwani yake yenyewe, si kupitia kisawazisha mzigo, na ilinganishe. Tofauti inayoisha ndani ya sekunde moja au mbili ni ujumbe uliokuwa njiani. Tofauti inayodumu zaidi ya sekunde 5, piga kengele, na uandike jina la seva pamoja na toleo. Ikiwa ni seva ile ile kila mara, tazama muunganisho wake. Zikibadilikabadilika, rudi #5 na #7.